Taa Inayouliza Swali Moja

Ukitaka kujua kama maji ya kisima yana risasi, ile metali nzito iliyomo ndani ya betri za magari, huwezi kuyamulika kwa taa yoyote tu. Unahitaji taa iliyotengenezwa kwa risasi. Ukitafuta shaba, taa ya shaba. Ukitafuta kadmiamu, taa ya kadmiamu. Maabara zinazopima metali kwa njia ya ufyonzaji wa nuru huwa na kabati la taa hizi, kila moja ikiwa na alama ya elementi yake ubavuni: Pb, Cu, Cd, Zn. Kwa macho zote zinafanana. Ni bomba la kioo la kadiri ya shubiri, na ndani yake kuna kikombe kidogo cha metali, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu.

Kikombe hicho ndicho kiini cha taa. Bomba limejazwa neoni au agoni kwa shinikizo dogo sana, kama moja ya mia ya shinikizo la hewa tunayovuta au chini ya hapo. Umeme wa miliampea chache ukipita, atomu za neoni hupata chaji, huvutwa kwa nguvu na kukigonga kikombe. Kila pigo hung'oa atomu za risasi. Zikiwa zinaelea humo ndani hugongwa tena, hupata nishati, na zinapoiachia nishati hiyo hutoa nuru. Mstari mmoja wa nuru ya risasi unaotumika sana uko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 283.3, mahali ambapo jicho la binadamu halioni kitu. Ule mwanga wa rangi ya chungwa unaouona taa ikiwashwa ni wa neoni, gesi iliyowekwa kwa kazi ya kugonga tu. Fundi anayeitazama na kusema taa inawaka vizuri amemsifu mpagazi, wala hajauona mzigo.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini chombo hiki kidogo kinanikalia akilini kuliko darubini kubwa zinazopigwa picha kila siku. Nadhani ni kwa sababu taa kwa kawaida hutengenezwa ili tuone vitu vingi, na hii imetengenezwa ili ionekane ishara ya kitu kimoja, tena kwa njia ya kutokuwapo kwa nuru. Sampuli ya maji hupuliziwa katika mwali wa moto wa asetilini, atomu zake hutawanyika, na nuru ya taa hupita katikati. Kama kuna risasi, sehemu ya nuru hufyonzwa. Upande wa pili kipokezi huhesabu kilichofika. Mpimaji haulizi kipokezi kimeona nini. Anauliza kimepungukiwa na kiasi gani.

Njia hii ilifikiriwa na Alan Walsh, Mwingereza aliyehamia Australia kufanya kazi CSIRO, shirika la utafiti la nchi hiyo. Siku hizo wakemia walikuwa wakizitambua metali kwa nuru zinazotoa zikichomwa, na kuzitambua molekuli kwa nuru zinazofyonza. Jumapili moja ya mwaka 1952, akiwa bustanini kwake Melbourne, Walsh alijiuliza kwa nini iwe hivyo, kwa nini atomu zisipimwe kwa kile zinachomeza. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, yeye na mwenzake John Shelton walikuwa wameshaonyesha kwa taa ya sodiamu kwamba inawezekana. Makala yake ilitoka mwaka 1955.

Wazo lilikuja haraka. Taa ndiyo iliyowagharimu jasho. Atomu zilizo katika mwali hufyonza ukanda mwembamba mno wa nuru, wenye upana wa takriban nanomita 0.002. Taa nyeupe ya kawaida hutoa nuru ya kila namna, na kile kisehemu kinachomezwa hupotea ndani ya wingi wa nuru isiyohusika, usiweze kukipima kwa vyombo vya maabara ya kawaida. Walsh alikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kutengeneza jicho kali mno, la kutenganisha kanda nyembamba hizo, na kwa zana za wakati wake hilo lilikuwa ndoto. Ya pili ilikuwa kuacha jicho lilivyo na kuisanifu nuru yenyewe: itoke ikiwa tayari nyembamba, nyembamba kuliko kile inachokwenda kukipima. Na nuru iliyo nyembamba hivyo, iliyo mahali penyewe hasa, hutolewa na nani kama si risasi yenyewe, tena ikiwa katika gesi isiyo na msongamano na isiyo na joto kali, ili atomu zisikimbie ovyo na kuupanua mstari?

Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Meno, kijana mwenye jina hilo anamtega Socrates kwa swali: mtu atatafutaje kitu asichokijua, na hata akikikuta, atajuaje kuwa ndicho? Wanafalsafa wamelizungusha swali hilo kwa karne nyingi. Socrates mwenyewe alijibu kwamba roho inakumbuka ilichokwisha kujua. Taa ya Walsh ina jibu lake, na mimi naliona si la kudharauliwa. Unatafuta usichokijua kwa kipande cha unachokijua. Taa haina habari na risasi ya kisimani. Ina risasi ya kikombe chake. Lakini atomu ya risasi haina kabila wala ukoo. Ya kikombe na ya kisima hupokea na kutoa nuru ile ile (tofauti ndogo za isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, tuziache kando kidogo, nitazirudia), na kufanana huko ndiko kunakoliruhusu swali lifike. Kama kila atomu ya risasi ingekuwa na tabia zake, kama watu walivyo, hakuna taa ambayo ingeweza kuuliza lolote.

Na kwa kuwa jibu ni upungufu, sifa ya taa haiwezi kuwa ukali wa mwanga. Huwezi kudai umepungukiwa kama hukujua ulituma kiasi gani. Ndiyo maana wapimaji huiwasha taa na kuiacha ipate moto kwa dakika kumi, wakati mwingine nusu saa, kabla ya kusoma chochote. Wanangoja itulie.

Anayeanza kazi hii huona njia ya mkato: aongeze umeme, taa iwake zaidi, kipokezi kipate nuru ya kutosha. Hapo hukutana na jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote katika usanifu wa taa hizi. Umeme ukizidi, atomu zinazong'olewa huwa nyingi, zikajikusanya mbele ya kikombe kama wingu lililopoa. Wingu hilo ni la risasi, na risasi humeza nuru ya risasi. Basi nuru inayotoka kikombeni humezwa na atomu za taa ile ile kabla haijatoka nje ya kioo, na humezwa zaidi katikati ya mstari, pale pale ilipokuwa na manufaa. Mstari hupanuka, katikati hubonyea. Taa inang'aa zaidi na inauliza vibaya zaidi. Na wakati huo huo inajila: metali hutoweka kikombeni, gesi nayo hunaswa katika vumbi la metali linaloganda ukutani, mpaka siku moja haiwaki tena. Watengenezaji huhesabu uhai wake kwa miliampea zikizidishwa kwa saa, mara nyingi 5,000. Anayeiwasha kwa pupa huifupishia siku na kupata majibu mabovu kwa pamoja.

Kuna tatizo jingine, na ufumbuzi wake unanifurahisha kwa wepesi wake. Mwali wa moto nao unawaka. Atomu za risasi zilizo ndani yake zikipata joto hutoa nuru kwenye nanomita zile zile 283.3. Kipokezi kitajuaje ipi ni nuru ya taa na ipi ni ya moto? Rangi ni moja, mahali ni pamoja. Walsh aliifanya taa ipepese kwa mapigo maalumu, na kipokezi kikafundishwa kusikiliza kinachopepesa kwa mapigo hayo tu. Nuru ya moto, ambayo haipepesi, hupita kama haipo. Nuru mbili zinazofanana kwa kila hali ya maumbile zinatofautishwa kwa jambo moja lisilo la maumbile kabisa, yaani kwamba moja imetumwa na mtu. Tukizungumzia maana ya kitu, mara nyingi tunaitafuta ndani ya kitu hicho. Hapa haimo ndani. Imo katika mapigo aliyoyachagua mtumaji na anayoyangojea mpokeaji.

Hata hivyo taa hii hudanganyika. Sampuli chafu hutoa moshi na chembe, navyo huzuia nuru; kipokezi huona upungufu na kuuita risasi. Kwa hiyo mashine nyingi zina taa ya pili, ya deuteriamu, ile hidrojeni nzito, inayotoa nuru pana isiyo na mistari katika eneo lisiloonekana, takriban kuanzia nanomita 190 hadi 400. Taa ya deuteriamu haijui risasi. Kwake kisehemu kinachomezwa na risasi ni kidogo mno, lakini moshi inauona vizuri. Taa ya risasi huona moshi pamoja na risasi. Ukitoa hesabu ya kwanza katika ya pili, inabaki risasi. Ndivyo ilivyo kwa watu pia: msomi mwenye fani moja hawezi peke yake kutenga anachokijua na kinachomzuia kuona. Anahitaji kando yake mtu asiyejua fani hiyo, anayeona moshi tu.

Lakini haya yote yalianza zamani kabla ya Walsh. Fani nzima ya spektroskopia, yaani kuvisoma vitu kwa nuru yao, ilianza kwa mtu aliyekuwa akitafuta taa nzuri. Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, alitaka kupima jinsi kila aina ya kioo inavyopinda kila rangi, na akakwama kwa sababu rangi huingiana. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole na kusema njano inaanzia hapa. Alipanga taa sita nyuma ya nyufa nyembamba ili apate rangi zilizotengwa. Katika miali ya taa aliona mstari wa njano usiohama mahali pake. Mwaka 1814 akautafuta mstari huo katika nuru ya jua, na mahali pake akakuta weusi. Akaendelea kutazama, akakuta mistari myeusi mingi kwenye utepe wote wa rangi, akahesabu 574. Hakujua ni kitu gani. Aliipa mikubwa herufi za alfabeti na kuitumia kama alama za kupimia vioo vyake, ambavyo vilisifika Ulaya nzima.

Kwa miaka 45 mistari ile ilifanya kazi kwa uaminifu bila yeyote kujua ilikuwa inasema nini. Jambo hili linawasumbua wale wanaofikiri kwamba maana hutangulia matumizi. Hapa matumizi yalitangulia kwa karibu nusu karne, na wala hayakuwa matumizi mabovu.

Maana ilikuja Heidelberg, nayo pia ikaja kwa sababu ya usanifu wa moto. Kwa ajili ya maabara yake mpya, mkemia Robert Bunsen alitaka jiko la gesi lenye joto kali na mwali usio na rangi. Fundi wake Peter Desaga akalitengeneza yapata mwaka 1855, gesi ikichanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Ukitia chembe ya chumvi katika mwali huo, unageuka manjano, na unajua manjano yote ni ya sodiamu kwa sababu mwali wenyewe haukuwa na la kusema. Mwaka 1859 mwanafizikia Gustav Kirchhoff alileta prizimu, na wakaona kwamba weusi wa Fraunhofer ni sodiamu iliyoko kwenye jua ikimeza nuru ambayo ingeitoa yenyewe kama ingekuwa mwalini. Mwaka 1860 wakaona mistari ya buluu wasiyoifahamu katika maji ya madini ya Dürkheim. Wakachemsha zaidi ya tani 40 za maji hayo wapate kiasi kidogo cha elementi mpya, sesiamu. Mwaka uliofuata wakapata rubidiamu.

Linganisha taa hizo mbili. Moto wa Bunsen ulisanifiwa unyamaze, ili chochote kitakachowekwa humo kijitambulishe. Taa ya Walsh ilisanifiwa kutamka neno moja tu. Ule moto wa kimya ulileta elementi mbili ambazo hakuna aliyekuwa akizitafuta. Taa ya Walsh imewafaa madaktari, wakulima, wachimbaji na wachunguzi wa maji kuliko ninavyoweza kueleza, inapima risasi kidogo mno ndani ya lita ya maji, lakini haijawahi kugundua elementi mpya na haiwezi. Ili uitengeneze unahitaji uwe tayari na kipande cha kile unachokitafuta. Wembamba uleule unaoifanya isidanganyike kirahisi ndio unaoifanya isishangae.

Tamaa ya wembamba ina mwisho wake wa kustaajabisha, na hapa ndipo isotopu zinaporudi. Zebaki ya asili ni mchanganyiko wa isotopu saba thabiti, na kila moja hutoa nuru iliyosogea kidogo kutoka kwa nyingine, kwa hiyo mstari wa zebaki ya kawaida umechorwa kwa mikono mingi. Ukitaka mstari safi unahitaji isotopu moja. Utaipataje? Dhahabu ina isotopu moja tu thabiti, ya 197. Ipige kwa nyutroni, inakuwa dhahabu 198, ambayo haidumu. Kila baada ya siku 2.7 nusu yake inakuwa imegeuka zebaki 198. Mwishoni mwa miaka ya 1940 William Meggers, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango vya vipimo, alitumia zebaki iliyopatikana hivyo kutengeneza taa yenye mstari wa kijani safi mno, kwenye nanomita 546.1.

Wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania, hutumia zebaki ili wapate dhahabu. Huichanganya na mchanga uliosagwa, nayo zebaki huishika dhahabu, kisha huchomwa ikapaa, na sehemu yake huishia vifuani mwao. Meggers alitoa dhahabu apate zebaki. Sioni mwenye akili na mpumbavu kati ya hao. Kila mmoja alikuwa na swali lake, na swali ndilo lililopanga bei. Zebaki iliyoingia mwilini mwa mchimbaji, maabara ikiamua kuipima, mara nyingi hupimwa kwa nuru ya taa ya zebaki, kwenye nanomita 253.7.

Meggers alitumaini taa yake ingekuwa kipimo cha mita kwa dunia nzima. Haikuwa. Mwaka 1960 mataifa yalichagua kriptoni 86, na mita ikawa mawimbi 1,650,763.73 ya nuru yake ya chungwa, taa ikiwa imezamishwa katika ubaridi wa karibu nyuzi 210 chini ya sifuri ili atomu zitulie. Mwaka 1983 nayo ikaachwa, mita ikafungwa kwenye mwendo wa nuru. Hayo ni mambo ya watu wa vipimo, na nayapita.

Ninalotaka kulishika ni lile la mshangao. Katika kupatwa kwa jua kwa Agosti 18, 1868, mwanaastronomia Jules Janssen alikuwa Guntur, India, akitazama ndimi za moto zinazoruka ukingoni mwa jua. Katika nuru ya ndimi hizo kulikuwa na mstari wa njano karibu na ule wa sodiamu, lakini si wa sodiamu. Norman Lockyer wa Uingereza aliufuatilia na kudai kuna elementi isiyojulikana duniani. Wengi walimcheka mpaka mwaka 1895, mkemia William Ramsay alipoikuta elementi hiyo, heliamu, katika gesi iliyotoka kwenye jiwe. Hakuna msanifu aliyelitengeneza jua. Lilisema lililokuwa nalo, bila kuulizwa.

Kuna wanaosema teknolojia imekwisha kuliondoa tatizo hili. Tangu miaka ya 2000 zipo mashine zenye taa moja ya zenoni, yenye mwanga mkali unaoendelea bila kukatika katika rangi zote, na macho makali kiasi cha kutenganisha zile kanda nyembamba zilizomshinda Walsh. Kabati la taa halihitajiki. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Ila mpimaji bado huketi mbele ya kompyuta na kuchagua katika orodha: leo risasi, leo kadmiamu. Kuchagua kulikokuwa ndani ya kioo kumehamia kwenye skrini. Na maabara nyingi za kwetu bado zina kabati, na kabati lina taa zile ambazo bajeti iliruhusu. Anayeamua taa zipi zinunuliwe ameamua, bila kukusudia, ni sumu zipi zinaweza kuwapo wilayani mwake na zipi hazitakuwapo kamwe, hata zikiwapo.

Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo na mtoto wake mchanga akaugua. Madaktari walimpima malaria na magonjwa mengine, na majibu hayakuonyesha kitu. Ni rafiki aliyemshauri Omido wampime mtoto risasi. Risasi ilikuwapo, na baadaye ikakutwa katika damu ya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mashine za kupimia risasi zilikuwa zimekwisha kuwapo duniani kwa zaidi ya nusu karne, na vile vipimo vya kwanza hospitalini havikuwa na kosa: viliulizwa kama kuna malaria, na haikuwapo.